Barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali zinazopandikiza moyo: andaeni kwanza malezi ya moyo, ndipo mwite mgonjwa

Waheshimiwa wakurugenzi, waganga wakuu na nyote mnaotia sahihi bajeti,

Tunawaandikia sisi tunaowahudumia watu wazima waliopandikizwa moyo: wauguzi, wafamasia, wataalamu wa maabara na madaktari. Ombi letu ni moja, na tunalitanguliza ili hata asiye na muda wa kusoma barua nzima aondoke nalo. Msimwingize mgonjwa mwingine kwenye orodha ya kusubiri moyo mpaka huduma itakayomlea baada ya upasuaji iwe imekamilika, yaani iwe na watu wake, vipimo vyake na dawa zake, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu.

Bajeti za upandikizaji huwa nene upande wa chumba cha upasuaji na nyembamba kila mahali pengine. Tunaelewa kwa nini. Mashine ya moyo na mapafu inaonekana, inapigwa picha, inazinduliwa. Jibu la damu lililofika kabla ya saa tisa alasiri halipigwi picha na mtu. Lakini upasuaji huchukua saa chache, na mgonjwa ataishi na moyo ule kwa miaka. Wanaofariki ndani ya mwaka wa kwanza wengi hawafi kwa sababu mshono ulikuwa mbaya. Hufa kwa sababu moyo mpya ulishindwa kazi siku za mwanzo, au vijidudu viliwawahi, au mwili uliukataa moyo na hospitali ikachelewa kujua.

Historia yenyewe inasema hivyo. Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Christiaan Barnard na timu yake walipandikiza moyo wa mtu kwa mtu mwingine kwa mara ya kwanza. Moyo ulifanya kazi. Mgonjwa alifariki baada ya siku 18 kwa nimonia, kinga yake ikiwa imeshushwa kwa dawa ili mwili usiukatae moyo mgeni. Mwaka 1968 hospitali nyingi duniani ziliharakisha kufanya hivyohivyo, mioyo zaidi ya 100 ikapandikizwa, wagonjwa wengi hawakuishi muda mrefu, na hospitali nyingi zikaacha kabisa. Mafundi wa kisu walikuwapo tele. Kilichokosekana ni njia ya kujua mapema kwamba mwili umeanza kuukataa moyo, na dawa ya kuuzuia bila kumwacha mgonjwa hana ulinzi wowote. Jambo la kwanza lilipata jibu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Philip Caves alipotengeneza pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, koleo dogo la kuchukulia vipande vya nyama ya moyo kupitia mshipa wa shingo. La pili lilipata jibu kwa siklosporini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983. Leo, katika vituo vilivyopangwa vizuri, kati ya watu 100 waliopandikizwa, 85 hadi 90 huwa hai baada ya mwaka mmoja, na takriban nusu huvuka miaka 12. Miaka hiyo imeletwa na maabara, famasia na kliniki kuliko kitu kingine chochote.

Tuanze basi na maabara, kwa kuwa hapo ndipo makosa mengi huanzia bila kelele.

Dawa ya kushusha kinga iliyo nguzo kwa wagonjwa wengi siku hizi ni takrolimusi, inayomezwa mara mbili kwa siku kwa kupishana saa 12. Nafasi kati ya kiwango kinachoulinda moyo na kiwango kinachoharibu figo ni ndogo sana, tena dozi ileile humpa mtu mmoja kiwango cha nanogramu 5 kwa mililita ya damu na mwingine 18. Kwa hiyo kuhesabu vidonge hakutoshi. Ni lazima kupima damu. Damu hutolewa dawa ikiwa imeshuka hadi chini kabisa mwilini, saa 12 baada ya dozi iliyopita na kabla tu ya dozi inayofuata. Katika miezi miwili mitatu ya kwanza vituo vingi hulenga nanogramu 10 hadi 15 kwa mililita. Baada ya hapo lengo hushushwa polepole, na kuanzia mwezi wa sita wengi huwekwa kati ya 5 na 10, kulingana na historia ya kila mmoja.

Hebu fuateni asubuhi moja inavyotakiwa kwenda. Mgonjwa amemeza dozi ya jana saa mbili usiku. Leo saa moja na nusu asubuhi muuguzi anafika kitandani, na kabla ya kufungua sindano anauliza: "Umeshameza dawa ya asubuhi?" Jibu likiwa hapana, anatoa damu kwenye chupa yenye kizibo cha zambarau, kwa sababu takrolimusi hujibana ndani ya chembe nyekundu na hupimwa kwenye damu nzima. Anaandika juu ya chupa saa ya dozi iliyopita na saa ya kutoa damu. Mgonjwa anameza dawa yake saa mbili. Chupa inafika maabara kabla ya saa tatu, kipimo kinaendeshwa asubuhi hiyohiyo, jibu linamfikia mfamasia kabla ya saa tisa alasiri, na ikibidi dozi ya saa mbili usiku inabadilishwa siku hiyohiyo.

Mnyororo huu hukatika kwa urahisi. Mgonjwa akimeza kabla ya kutolewa damu, jibu huja juu kuliko hali halisi, daktari hupunguza dozi, na baada ya siku kadhaa moyo unaachwa bila kinga ya kutosha. Damu ikichukuliwa kwenye katheta (mrija wa mshipani) ileile iliyopitishiwa dawa ya mshipani, mabaki yaliyonata kwenye plastiki hupandisha jibu. Maabara ikibadili aina ya kipimo bila kutoa taarifa, namba hazilinganishiki tena: vipimo vinavyotumia kingamwili kwa kawaida husoma juu kidogo kuliko vile vya kupima uzito wa molekuli, na mtu anayetazama mfululizo wa majibu atadhani mgonjwa ndiye aliyebadilika. Lakini kosa baya kuliko yote ni sampuli kusubiri "zifike za kutosha" ndipo mashine iwashwe. Jibu linalokuja baada ya siku tatu linaeleza mwili ambao haupo tena. Katika wiki ya kwanza kiwango kinaweza kupanda maradufu kati ya Ijumaa na Jumatatu, na figo hazisubiri Jumatatu.

Tunachoomba hapa ni hiki: kipimo kiendeshwe kila siku, hata kwa sampuli moja, aina ya kipimo iandikwe kwenye kila jibu, na awepo mtu mmoja mwenye jina na zamu, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila jibu limesomwa na limechukuliwa hatua kabla ya dozi ya usiku. Jibu lililokaa kwenye kompyuta bila kusomwa halina tofauti na kipimo ambacho hakikufanyika.

Famasia ndiyo jirani wa karibu wa maabara. Wagonjwa hawa humeza pia maikofenoleti na prednisoloni, nazo za kushusha kinga, pamoja na dawa za kuzuia maambukizi, za presha na za kolesteroli. Mwanzoni si ajabu mtu kuwa na aina kumi na zaidi. Kila daktari mwingine anayemwona mgonjwa anaweza kuuvuruga mpangilio huo kwa nia njema. Flukonazoli ya fangasi mdomoni au klarithromaisini ya kikohozi hupandisha takrolimusi ndani ya siku chache, mikono ikaanza kutetemeka, kichwa kikauma, potasiamu na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) zikapanda. Rifampisini ya kifua kikuu, fenitoini na karbamazepini za kifafa, na efavirenzi ya VVU hufanya kinyume: huamsha vimeng'enya vya ini, na kiwango huporomoka hata mgonjwa asipokosa kidonge kimoja. Tena rifampisini ina mtego wa pili. Ikisimamishwa, athari yake huisha polepole kwa kama wiki mbili, na dozi iliyokuwa imeongezwa kuifidia hugeuka sumu ikiwa hakuna anayepima. Kuharisha nako hupandisha takrolimusi, jambo linaloshangaza wengi, maana mtu hutegemea dawa inayopita haraka tumboni ishuke. Na ibuprofeni au diklofenaki, zinazotolewa kirahisi kwa maumivu ya mgongo, zikikutana na takrolimusi huzibana figo kutoka pande mbili.

Kuna kosa jingine la famasia linaloonekana dogo. Takrolimusi ipo ya kumeza mara mbili kwa siku na ipo ya mara moja kwa siku inayotoka taratibu. Majina hufanana, maboksi hufanana. Mgonjwa akipewa ile ya mara moja akaimeza mara mbili, au kinyume chake, matokeo huonekana kwenye moyo au kwenye figo. Tunaomba amri ya maandishi kwamba hakuna kubadilisha aina wala mtengenezaji bila kumjulisha mfamasia wa kitengo na kupima kiwango upya. Tunaomba pia akiba ya miezi mitatu ya dawa zote za kushusha kinga, ihesabiwe kwa idadi ya wagonjwa walio hai. Idadi hiyo hupanda kila mwaka hata upasuaji usipoongezeka, na ndilo jambo wapangaji wengi wa bajeti husahau: kila anayefanikiwa ni mteja wa famasia kwa maisha yake yote.

Sasa vipande vya moyo. Mwili unapoanza kuukataa moyo, mara nyingi mgonjwa hajisikii lolote. Anapoanza kuhema, kuvimba miguu au kuongezeka kilo mbili kwa siku mbili, moyo umekwisha umia. Ndiyo sababu vipande huchukuliwa kwa ratiba: vituo vingi hufanya kila wiki mwezi wa kwanza, kila wiki mbili mwezi wa pili na wa tatu, kisha kila mwezi hadi karibu mwezi wa sita, halafu kwa nafasi zaidi. Ganzi huwekwa shingoni upande wa kulia, mshipa unatafutwa kwa ultrasaundi, mrija mfupi unaingizwa, na koleo linapitishwa hadi chemba ya chini ya kulia likielekezwa kwenye ukuta unaotenganisha chemba mbili. Kila kipande ni kidogo mithili ya kichwa cha pini. Vinahitajika visivyopungua vitatu vyenye nyama halisi, na ni bora viwe vinne au vitano, kwa kuwa ugonjwa huu hukaa kwa mabaka na kipande kimoja kinaweza kutoka mahali pazima. Asiyejua hukichomoa kipande kwenye koleo kwa kibano akakiponda; anayejua hukinasua polepole kwa ncha ya sindano. Formalini, maji ya kuhifadhia vipande, iwe ya joto la kawaida la chumba, isitoke kwenye friji, kwa sababu baridi huikaza misuli ya moyo na kutengeneza mistari ambayo chini ya darubini inafanana na jeraha. Makovu ya vipande vya zamani nayo humdanganya msomaji, kwa hiyo mchukuaji asirudie sehemu ileile kila mara.

Hatari zipo na zisifichwe kwa mgonjwa: ukuta wa moyo unaweza kutobolewa damu ikajaa kwenye mfuko unaouzunguka, vali kati ya chemba mbili za kulia inaweza kuchanwa, mapigo yanaweza kuvurugika, pafu linaweza kutobolewa. Kwa sababu hiyo chumba kinachofanya kazi hii kiwe na eko (ultrasaundi ya moyo) mkononi, mtu anayejua kutoa damu iliyozunguka moyo, na daktari wa upasuaji wa moyo anayepatikana kwa simu moja.

Halafu lipo swali ambalo vituo vipya hulisahau hadi siku ya kwanza: nani atasoma? Usomaji hutumia madaraja ya kimataifa yaliyorekebishwa mwaka 2004, kuanzia 0R pasipo na dalili hadi 3R penye uharibifu mkali. Kati ya 1R, ambayo mara nyingi huachwa na kuangaliwa, na 2R, ambayo kwa kawaida hutibiwa, uamuzi hutegemea macho ya mtu mmoja. Mtaalamu wa patholojia aliyezoea uvimbe wa matiti na matumbo hawezi kuanza siku hiyo kusoma moyo uliopandikizwa. Afunzwe kabla, awe na mwenzake wa kumuuliza hata kwa picha zinazotumwa kituo kingine, na jibu litoke siku inayofuata. Likionekana baya, lipigiwe simu. Matibabu ya kawaida ya 2R au zaidi ni methilprednisoloni ya mshipani, miligramu 500 hadi 1000 kwa siku kwa siku tatu. Kila siku ya kusubiri jibu ni siku ambayo misuli inaliwa. Na kwa kuwa mwili hushambulia pia kwa kingamwili zinazolenga mishipa midogo, hospitali iwe na njia ya kupima kingamwili dhidi ya mtoaji. Moyo unaodhoofika huku vipande vikisomeka safi ni dalili ambayo haitakiwi kupuuzwa.

Tuje kwenye idara ya dharura, kwa maana huko ndiko mgonjwa hukutana na watu wasiomjua. Moyo uliopandikizwa umekatwa neva zake, na daktari mzuri kabisa asiyejua hilo anaweza kukosea kila hatua. Mapigo ya 90 hadi 110 mgonjwa akiwa amelala ni ya kawaida kwake. Mishipa ya moyo ikiziba, wengi hawapati maumivu ya kifua. Huja na uchovu, kuhema au kuzimia, na kwenye meza ya mapokezi huonekana hawana haraka. Mapigo yakishuka mno, atropini haitegemewi, maana inafanya kazi kupitia neva ambayo haipo. Hapo huhitajika isoprenalini au mashine ya kuendesha mapigo. Adenosini, dawa ya kutuliza mapigo yanayokwenda mbio, kinyume chake hupiga kwa nguvu kupita kiasi, na ikilazimu hutumiwa kwa uangalifu ikianza na kipimo kidogo, miligramu 3 badala ya 6. Homa nayo si kipimo cha kutegemea: mgonjwa anayetumia prednisoloni anaweza kuwa na maambukizi mazito kwenye damu joto likiwa 37.5. Na asiyeweza kumeza asiachwe bila dawa za kinga eti kwa sababu "hali chochote". Dozi zitafutiwe njia nyingine usiku huohuo.

Haya yote yanatosha kwenye karatasi moja yenye plastiki, ibandikwe ukutani idara ya dharura, na nakala ndogo mgonjwa atembee nayo. Juu kabisa iandikwe namba ya simu ya mratibu wa zamu. Karatasi hii haina gharama ya kujadiliwa kikaoni. Inachohitaji ni amri yenu kwamba mgonjwa aliyepandikizwa moyo hasubiri foleni, na kwamba mratibu anapigiwa kabla ya dawa yoyote mpya kuandikwa isipokuwa ya kuokoa maisha papo hapo.

Mratibu huyo tumemtaja mara mbili, na tunataka mumwone kama cheo kamili chenye mshahara. Ni muuguzi mwenye uzoefu anayejua kila mgonjwa, anafuatilia majibu, anapokea simu ya saa nane usiku kutoka kwa mtu aliyetapika vidonge, na anajua nani hajaonekana kliniki. Hospitali nyingi humpa kazi hii muuguzi wa wodi "aifanye pembeni". Inapofanywa pembeni, haifanyiki. Wawe wawili angalau, ili mmoja akiugua simu isinyamaze.

Kuhusu maambukizi, nusu ya kazi hufanyika kabla ya upasuaji na huigharimu hospitali kidogo. Kifua kikuu kilicholala kitafutwe na kutibiwa mgonjwa akiwa bado anasubiri, kwa sababu kukitibu baadaye kwa rifampisini ni ule mtego tuliokwisha ueleza. Homa ya ini aina ya B ipimwe, chanjo zikamilishwe. Zile za virusi hai kama surua na homa ya manjano zitolewe angalau wiki nne kabla, maana baada ya kupandikizwa hazitolewi. Minyoo ya stronjiloidesi inaweza kukaa mwilini miongo kadhaa bila dalili, kisha prednisoloni ikaifungulia njia hadi mapafuni na kwenye damu; anayeweza kuwa nayo apimwe, au apewe ivermektini kabla. Toksoplazma ina uzito wa pekee hapa, kwani vimelea vyake hujificha ndani ya misuli ya moyo wenyewe na husafiri na moyo kwenda kwa mpokeaji. Kotrimoksazoli huvizuia, pamoja na nimonia ya nyumosisti, inayoletwa na fangasi.

Virusi vya CMV (sitomegalovirusi) ndivyo vinavyosumbua zaidi, hasa mtoaji akiwa navyo na mpokeaji hajawahi kuvipata. Valgansikloviri, dawa ya kuvizuia, hutolewa kwa miezi mitatu hadi sita, miligramu 900 kwa siku, ikirekebishwa kulingana na figo. Hapa kuna kosa la kujirudia. Valgansikloviri, maikofenoleti na kotrimoksazoli zote hushusha chembe nyeupe, na chembe zikishuka mtu hupunguza valgansikloviri nusu nusu. Kipimo pungufu hakizuii virusi vizuri, tena huvifundisha kuizoea dawa. Uamuzi wa ipi ipunguzwe ufanywe na kitengo, si na yeyote aliye zamu. Na virusi hivi hupenda kurudi wiki chache baada ya dawa kusimamishwa, kipindi ambacho kliniki zimeanza kuachana mbali. Vipimo vya damu viendelee hapo hasa.

Upande wa kabla ya upasuaji tutagusa mambo mawili tu, kwa kuwa madaktari wa upasuaji wameyasema mara nyingi. La kwanza ni shinikizo la mapafu. Upande wa kulia wa moyo mpya umezoea mapafu laini. Ukipelekwa kwa mtu ambaye ukinzani wa mishipa ya mapafu yake umezidi vizio 5 vya Wood (kipimo cha ukinzani huo) na haushuki kwa dawa, unaweza kushindwa palepale mezani. Katheta ya upande wa kulia, yaani mrija unaopima shinikizo hilo ndani ya moyo, ifanywe kabla ya kuandikishwa, na irudiwe kila miezi mitatu hadi sita kwa wanaosubiri. Kipimo cha mwaka jana hakimlindi mtu. La pili ni muda. Moyo uliohifadhiwa kwenye barafu huanza kuharibika kwa kasi baada ya saa nne tangu damu ikatwe hadi irudishwe, na katika saa hizo zimo safari, kibali cha lango na lifti. Hesabu ya saa nne ifanyiwe zoezi kamili na gari, dereva na lifti yenyewe. Na siku ya upasuaji mashine ya kuusaidia moyo na mapafu kwa siku kadhaa iwe tayari na watu wake, kwa sababu moyo mpya unaposhindwa kuanza vizuri ndani ya saa 24 za kwanza, hakuna muda wa kuazima.

Baada ya mwaka wa kwanza hatari hubadilika sura. Mishipa ya moyo mpya hunenepa ndani kwa urefu wake wote, taratibu, bila maumivu, na ndiyo moja ya sababu kuu za kupoteza moyo miaka ya baadaye. Statini, dawa za kushusha kolesteroli, huanzishwa mapema kwa kila anayeivumilia, na mishipa hukaguliwa kwa ratiba, vituo vingi kila mwaka mmoja au miwili. Figo huchoka kwa takrolimusi, sukari na presha hupanda, saratani za ngozi na za tezi za limfu huwa nyingi kuliko kwa watu wengine. Mwanamke anayetaka kushika mimba lazima ajue kwamba maikofenoleti huharibu mimba na inapaswa kubadilishwa angalau wiki sita kabla, kwa mpango, pamoja na daktari wake. Asiambiwe haya akiwa tayari mjamzito. Kliniki ya mara moja kwa mwaka yenye daktari asiye na mafaili ya nyuma haiwezi kuyabeba haya.

Tunajua fedha hazitoshi kila kitu kwa mara moja. Mkilazimika kuchagua, chagueni kwa mpangilio huu: kwanza kipimo cha takrolimusi cha kila siku, pili waratibu wawili na simu yao, tatu mtaalamu wa patholojia aliyefunzwa, nne akiba ya dawa. Mashine mpya ya chumba cha upasuaji ije baada ya hayo. Na ikiwa hata hayo manne hayawezekani, mwelekezeni mgonjwa kwenye kituo kinachoweza. Vituo vinavyopandikiza mioyo michache sana kwa mwaka vimeonekana kupoteza wagonjwa wengi zaidi, na kumpeleka mtu kwingine akapona ni huduma ya heshima.

Tunaomba jibu la maandishi, lenye majina na namba za simu, kwa maswali haya. Nani anaendesha kipimo cha takrolimusi Jumapili? Nani anapokea simu saa nane usiku, na akiugua nani anashika nafasi yake? Nani anasoma vipande vya moyo mtaalamu wenu akiwa likizo? Dawa zilizopo ghalani zitawatosha wagonjwa wote walio hai mpaka tarehe gani?

Wenu katika kazi,
Wauguzi, wafamasia, wataalamu wa maabara na madaktari wa huduma ya upandikizaji wa moyo kwa watu wazima